Sauti Nyuma ya Rafu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la rafu za maktaba yetu. Je, kile kikohozi kimekuachia? Mama hajambo, nami sijambo. Bibi naye yupo, ila kwa namna ambayo lazima nikueleze polepole.

Mwalimu wa baiolojia alitutaka kila mmoja alete swali la nyumbani ambalo kitabu cha darasani hakina jibu lake. Mwenzangu aliuliza kwa nini maziwa hufurika yakichemka. Mimi niliandika: kwa nini Bibi anasahau kwamba amekula, lakini hasahau nyimbo za utotoni? Mwalimu alilisoma mara mbili, akakiri kwamba hapo hata yeye hana jibu kamili, akanipeleka kwa Mama Kimya. Huyo ndiye mkutubi wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu shule nzima hakuna anayemshinda kwa kicheko.

Basi nikawa nakaa dirishani maktabani baada ya vipindi. Mama Kimya hakunipa jibu. Alinitolea kitabu, akaniuliza nimeelewa nini, kisha akanitolea kingine kinachobishana na cha kwanza. Mwalimu naye alikuja kukaa nasi, akachora ubongo kama mji ambao taa zake zinazimika mtaa kwa mtaa, kuanzia mitaa mipya. Jua lilitembea juu ya kurasa, nami nikamwona Bibi akizurura kwenye mitaa ya zamani yenye mwanga, akiimba. Kumbe si ukaidi, ni ugonjwa. Nilisoma pia kwamba mtu kama huyo, afadhali umfuate aliko kuliko kumvuta uliko.

Siku ya kulieleza darasa, ulimi uliniganda, si unanijua. Mama Kimya alimnong'oneza mwalimu, darasa zima likahamia maktabani, nami nikaambiwa nisimame nyuma ya rafu. Nilizungumza na migongo ya vitabu, na maneno yakaja yenyewe. Sasa wenzangu wananiita Mzimu, wanauliza kama mizimu nayo hufanya mitihani. Nacheka nao.

Sasa kaka, kuna jambo. Bibi huniita kwa jina lako. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, naye akilia. Juzi alinishika mkono, akaniuliza kwa nini niliondoka bila kumuaga. Nikamfuata aliko. Nilimwambia kwamba nimerudi, na kwamba anisamehe. Alinipapasa kichwa, akasema alisamehe siku ileile, ila hakujua ayapeleke wapi maneno hayo.

Mama anasema huji kwa kuwa unadhani Bibi bado amekukasirikia. Msamaha huu ni wako, nami sipendi kukaa na kitu cha mtu. Njoo uuchukue mwenyewe, mtaa wako ungali na taa. Huenda ukifika akakuita kwa jina langu. Itika tu.

Mama anakusalimu, na Mama Kimya pia, ingawa hakujui. Jifunike vizuri kifua.

Ni mimi mdogo wako,
Mzimu wa Maktaba