Kalibu ya Masanja

Jumanne

Na bado anabisha. Mwanangu Masanja amenunua kalibu ya kumiminia risasi za gobore, tundu lake sawasawa na la mtutu.

"Wewe, kitambaa cha kuifungia risasi kitapita wapi ukiishindilia mtutuni? Baba yako alipoteza kidole kwa risasi iliyokwama. Wewe unataka jicho?"

"Mama, ikilegea haiui nguruwe pori."

"Ikikwama inakuua wewe."

Nimemnunia mpaka akavuka kwenda mjini kuirudisha kwa fundi wa Mirongo, akaja na ndogo kidogo. Akamimina risasi moja, nikachana kitenge changu, tena kizuri, tukaifunga, tukaijaribu bila baruti. Ikashuka mtutuni mpaka chini, haikugoma.

Nguruwe wamekwisha kula nusu ya viazi vyangu. Nusu iliyobaki naona tutakula wenyewe, na Masanja atakula akiwa na macho yote mawili.