Fundi wa Vivuli

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri kapiga simu. Riwaya ameipenda, ila anataka niigeuze yote iwe ya wakati uliopita. Eti kurasa mia tatu za anakimbia, anaona, anashika — msomaji atachoka. Anasema kweli. Asichojua ni kwamba fundi wangu wa vivuli, yule bibi anayeshona mahema ya kukinga jua mwaka 2190, ni mama mtupu. Miwani yake, pini zake mdomoni, ubishi wake. Na mama anapasuliwa moyo Alhamisi. Leo niandike "alikuwa akicheka"? Uchuro huo!

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu ukurasa mmoja, nikauchapisha karatasini. "Fundi alikuwa na pini mdomoni." Nimeutupa. Nimempigia mdogo wangu, akanicheka: mtu mzima na digrii zake anaogopa maneno yake mwenyewe! Kisha akauliza, polepole, kama nimeuchana kwanza.
Sikuuchana.

Jumatano, 5 Machi
Jamani, nimesahau vipi? Mama hukatia vipimo vya kola na mikono kwenye karatasi zangu zilizoharibika. Miaka yote! Nimemkuta sebuleni na ukurasa ule, kola nusu imeshakatwa. Anausoma. Nimeanza kuomba radhi kabla hajasema kitu.
Akatoa pini mdomoni.
"Hadithi ikishakuwa ya zamani, mwanangu, ujue kuna mtu amebaki wa kuisimulia. Andika hivyohivyo. Mimi nataka ubaki."
Nimekwenda kulia chooni. Yeye kaendelea na kola yake. Ni ya gauni la kutokea hospitali, eti.

Alhamisi, 6 Machi
Wamemwingiza asubuhi. Daktari alisema upasuaji utachukua muda wa saa nne. Zimeshapita saba.
Mdogo wangu amelipakata gauni. Kola bado imeshikizwa kwa pini tu.
Kompyuta iko mapajani. Nimegeuza sura moja baada ya nyingine, kama mama alivyoagiza. Imebaki ya mwisho, fundi anapotoka peke yake kwenye jua kali. Hiyo siwezi. Naogopa, naogopa kweli. Nimeiacha hivyohivyo: anatembea, anabishana, ana pini mdomoni.
Mlango umefunguka. Daktari anavua barakoa. Anauliza nani mkubwa kati yetu. Mdogo wangu ananisukuma —