Papa, Nimetafuta Mahali pa Kuanguka Hapa Kalemie

Papa,

Usinicheke. Barua hii nimeianza mezani, nikaiendeleza mlangoni, na sasa naandika nimesimama, karatasi nimeiegemeza dirishani. Tangu tukuzike sijui kutulia. Hata watoto wa darasa langu wamezoea: mwalimu anatoka ubaoni anakwenda mlangoni, anatoka mlangoni anarudi ubaoni, nao wanageuza shingo kunifuata. Mkubwa wa shule ameniuliza kama kiti changu kina misumari.

Kwanza nikwambie niko wapi, maana wewe uliniacha Kamina. Wamenihamisha. Nafundisha darasa la tatu huku Kalemie, ziwani, mwisho wa reli ile ile uliyoitengenezea mabehewa maisha yako yote. Nilipanda treni na sanduku moja na mfuko wa turubai. Ndani ya mfuko kulikuwa na kimono yako ya judo. Siku ya kugawana vitu vyako, baba mdogo alichukua redio, mtoto wa shangazi akachukua baiskeli, na koti lako la Jumapili likazua maneno mpaka Mama akalia. Kimono hakuna aliyeitaja. Ilibaki kwenye kamba nyuma ya nyumba, mikono imenyooka, nami nikaenda nikaianua kama naanua nguo yangu. Mikono yake ni mirefu kwangu. Naikunja.

Mama aliponisindikiza stesheni alisema, "Judo ilikuwa ya baba yako. Sasa tafuta bwana." Nilimwitikia vizuri. Lakini ndani ya treni nilikuwa na hofu moja tu, wala haikuwa ya kukosa bwana. Kaburi lako liko mbali. Picha yako sina, ile ya kitambulisho ameishika baba mdogo. Mahali pekee nilipokuwa na hakika ya kukukuta ni juu ya tatami, mkeka wa judo, pale mtu anaponishika kola nami nasikia sauti yako kisogoni: "Usifunge meno, mutoto. Pumua." Nikikosa klabu nimekukosa wewe. Ndiyo maana nilianza kuuliza habari za judo hata kabla sijajua mkaa unauzwa wapi.

Wa kwanza kunielekeza ni jirani yangu, fundi viatu. Akasema judo iko, tena kubwa, kila Jumapili kwenye ua wa baa moja huko Lubuye. Nikaenda mbio, mfuko begani. Kumbe ni kachi, Papa, ile mieleka ya ngoma na dawa! Mwanaume mzima amejifunga ngozi ya mbuzi, mdomoni ana yai bichi, anampulizia mwenzake unga, na mwenzake anaanguka hata hajaguswa. Watu wanashangilia. Mimi nimesimama pale na kimono yangu. Mwenye mchezo akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kamina.

Loo, ungeona! Akapaza sauti: "Mama huyu ametoka Kamina! Anabeba nini mule mu mufuko?" Unajua watu wanavyotuogopa sisi Waluba kwa mambo ya dawa. Mwenye yai akarudi nyuma. Nikataka kuwatoa wasiwasi, nikaitoa kimono, nikaikunjua mbele yao, na kwa upumbavu wangu nikaeleza kwamba ni nguo ya baba yangu, amekufa juzi juzi. Nusu ya ua ilibaki tupu. Nilipewa chupa ya bia na kuombwa kwa heshima nirudi nyumbani salama. Nilicheka njia nzima, kisha nilipofika nyumbani nikakasirika, maana nilikuwa nimerudi bila kuguswa na mtu. Wewe unajua mwili unavyowasha ukikaa muda mrefu bila kuangushwa.

Ya pili ilikuwa klabu ya kweli, kwenye ukumbi mmoja upande wa bandari. Hata kuifikia kulikuwa na mambo. Huku nako suruali kwa mwanamke ni kosa mbele ya chama, kwa hiyo nilivaa kimono nyumbani na kufunga kitenge juu yake, kama nilivyofanya kwako. Lakini kwetu hakuna upepo kama huu wa ziwa. Ulikipeperusha kitenge, miguu miwili myeupe ya kimono ikaonekana, na vijana wa chama wakanisimamisha kwa lile jina la kila raia mwanamke: "Sitwayeni, suruali hiyo?" Nikawaambia si suruali, ni nguo ya michezo, twendeni mkaone. Wakanisindikiza mpaka ukumbini, mmoja kulia, mmoja kushoto, watu wakidhani nimeiba. Mwalimu wa klabu akawaeleza, wakaridhika, wakavua viatu wakakaa kutazama.

Tatami zao ni za kununua, Papa. Hazina vumbi la mbao kama zile ulizotushonea wewe kwa maturubai ya karakana. Nilizigusa kwa kiganja, nikatamani ungekuwepo uzione. Lakini hawakunipa mtu wa kukamatana naye. Walinisimamisha pembeni nihesabu kwa sauti wenzangu wakijinyoosha. Mwalimu, mtu wa adabu sana, akaniambia sikukuu ya chama inakaribia, na mwanamke mwenye kimono nyeupe atapendeza mbele ya mstari. "Wewe utatupamba," akasema. Utatupamba! Nilimeza hata hilo, nikaendelea kwenda, nikaendelea kuhesabu, nikijipa moyo kwamba sikukuu itapita na watanipa mtu. Halafu jioni moja karani mmoja mwembamba alikabwa koo. Akapiga mkono kwenye tatami kuonyesha ameshindwa, na yule aliyemkaba hakumwachia. Aliinua macho kwanza kuangalia kama mwalimu ameona ushindi wake. Wewe ulikuwa ukituambia: "Ukiingia klabu ya wengine, usitazame anayeshinda. Tazama aliye chini wanamtendeaje." Nilichukua kitenge changu. Sikuaga.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kuhangaika tu. Nikitoka shule natembea mpaka bandarini, narudi, napanda hadi kanisani, nashuka. Jioni navuta kitanda pembeni, natandika godoro chini, najiangusha. Kulia, kushoto, nyuma. Yule fundi viatu akamwambia mke wake kwamba ndani kwangu kuna mwanaume ananipiga, na mama wa watu akaja na uji kunipa pole. "Mwambie akupige taratibu, nyumba zetu zimeshikana," akasema. Nikaupokea uji.

Kisha likatokea jambo lililonitisha. Nilikuwa chini kwenye godoro, nikajaribu kuisikia ile "Pumua" yako, na sauti iliyokuja ilikuwa ya baba mdogo. Sauti ya baba mdogo, Papa! Nilijaribu tena. Yeye tena. Nilikaa pale sakafuni nikilia kwa hasira. Siku hiyo niliamua kwamba shule zikifungwa nitarudi kwa Mama, nitafute huyo bwana, mambo yaishe.

Jumamosi iliyofuata, tulipomaliza salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara, nilikwenda ufukweni kununua ndagala, hawa dagaa wa ziwani. Mitumbwi ilikuwa imefika, akina mama wanasukumana, chini kumejaa magamba na maji. Niliteleza, ndoo yangu imekwisha kujaa. Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Kidevu kilijikunja chenyewe, mgongo ukajiviringa, kiganja kikapiga mchanga, pa! Ndagala zikaruka juu, zikanimwagikia kichwani. Ufukwe mzima ulicheka. Mwanaume mmoja tu, aliyekuwa ameketi akishona wavu, hakucheka. Aliniangalia nikijipangusa, akauliza, "Mama, nani alikufundisha kuanguka?"

Nikasema, "Papa yangu."

Akainamisha kichwa kwa heshima, kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa umesimama pale mbele yake na ndoo ya ndagala.

Anaitwa Papa Wilondja. Ni Mubembe wa pwani ya kaskazini, mvuvi, mtu wa kanisa, mabega kama mlango. Judo aliifundishwa shuleni kwa wamisionari, naye anawafundisha wavuvi wenzake huko Kataki, nyuma ya kanisa lao. Akanielekeza njia. Siku ya pili yake nikaenda: hakuna mtu. Turubai limetandikwa, mbuzi amelala katikati. Nikarudi tena, na tena. Mbuzi. Nikamtukana Papa Wilondja kwa lugha zote tulizokuwa nazo nyumbani, nikaapa sitauliza habari za judo kwa mtu yeyote wa mji huu.

Nilipomkuta ufukweni nilimpa maneno yangu yote, mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka hadi akauangusha wavu. "Mama, mwezi ulikuwa giza! Tulikuwa mu ziwa. Kuya wakati mwezi unawaka." Ikabidi nielezwe kama mtoto. Usiku wa giza wanavua kwa taa, samaki wanaifuata taa. Mwezi ukiwaka, taa haina kazi, nyavu zinaanikwa, na wanaume wote wanabaki nchi kavu na nguvu zao, hawajui waziweke wapi. Hapo ndipo klabu inafunguliwa, kila siku jioni, mpaka mwezi uishe. Mimi mtoto wa reli ningejua wapi? Maisha yangu yote yameendeshwa na kengele. Nikaanza kutazama juu kila jioni kama waungwana wanaotafuta mwezi wa Idi.

Jana mwezi ulikuwa umekwisha kupata mwili. Nikaenda Kataki kabla jua halijazama, na safari hii yule mbuzi alikuwa amefungwa mbali. Chini ya turubai wameweka makapi ya mpunga, ukianguka yanakoroma. Kimono ni chache, wengine wamevaa magunia yaliyoshonwa vizuri. Papa Wilondja alinisimamisha mbele ya wote, akanipa kola yake mkononi, akasema, "Tuone." Nikamwangusha. Alianguka vizuri kabisa, akaamka, akanipa tena. Halafu akamwita mke wake, Mama Feza, anayekausha samaki kwa moshi hapo jirani: mwanamke mpana, kitenge amekipitisha katikati ya miguu na kukikaza kiunoni. "Huyu njo wa kukushika," Papa Wilondja akasema.

Na kweli alinishika! Sijawahi kulaliwa na mzigo kama ule. Anakwenda polepole, anakutafuta mkono, akishaupata umekwisha. Ananuka moshi na samaki, nami nimefunikwa humo sioni mbele. Nilipiga mkono mara moja tu, akaniachia pale pale, akaninyooshea kola iliyopinda. "Tena?" Tena. Nikampata mguu, akanyakua shingo, nikageuka, tukaangukia watu wengine, tukasogezwa katikati, tukaendelea. Nilimwangusha mara chache. Yeye alinikandamiza nyingi. Mwishoni vidole vyangu vilikuwa vimechoka, hata mkanda sikuweza kuufungua, akanifungulia yeye.

Sasa nakuambia jambo lililonifanya nikuandikie. Nilikuwa narudi nyumbani, nina makapi kwenye nywele, nina njaa kali, na njiani nikasimama ghafla. Sikuwa nimekufikiria, Papa. Muda wote ule, hata kidogo. Sikusikia "Pumua", yako wala ya baba mdogo. Nilipumua tu. Sikukumbuka kwamba umekufa. Nimezunguka mji mzima nikitafuta mahali pa kukukuta, na nilipopapata nikakusahau.

Niliogopa. Nilitaka kurudi Kataki, sijui nikafanye nini, labda niwaulize wameniwekea nini kwenye turubai lao. Nikajiita majina mabaya. Mtoto gani huyu? Halafu nikakumbuka wakati wa msiba wa Nkambo, mama yako. Nilikuwa mdogo. Matanga hayajaisha, ukachukua kimono ukatoka, ukarudi umeloa jasho, ukala sahani nzima ya bukari, ugali wetu, na kuomba nyingine. Mama akakuuliza unawezaje kula hivyo na mama yako yuko udongoni. Ukamjibu, "Kule nimepumzika kidogo." Nilikuchukia siku ile, Papa. Nilimwonea Nkambo huruma, nikasema moyoni baba yangu hana uchungu.

Jana usiku nilikula sahani mbili. Ni wali na ndagala, na pilipili ya mke wa fundi viatu. Nililala usingizi mzito, na asubuhi shingo haigeuki, watoto wamefurahi kweli kuniona natazama upande mmoja.

Basi, Papa, nakuacha upumzike huko Kamina. Mwambie Nkambo nimewasalimu wote wawili. Mama nitamwandikia kwamba nabaki huku, atagomba, atazoea. Na wewe nakuahidi hivi: mwezi bado upo, leo jioni nitakwenda tena Kataki. Nitaingia kwa heshima, nitafunga mkanda sawasawa, na Mama Feza akishanishika kola nitakusahau kabisa. Nikitoka, nitakukumbuka njia nzima mpaka nyumbani.

Binti yako,
Ngoie