Bomba Likigonga Tena

Begimai mwanangu,

Supu ipo jikoni. Bomba likigonga, fungua koki ya bafuni kidogo. Likinyamaza, ni hewa tu. Likizidi, usilijibu kwa kuligonga na kijiko kama asubuhi, uliposema, "Bibi wa ghorofa ya chini kachoshwa na nyuzi za komuz yangu, naye apigiwe." Shuka ukaangalie.

Huyo bibi wa chini, Bibi Burul, hakuwa akilalamika. Alianguka bafuni, akawa anagonga bomba kwa kopo. Nimemkuta saa tano nilipompelekea mkate. Gari la wagonjwa limefika, naenda naye.

~~Aibu yako.~~ Aibu yetu, maana nami nilicheka.

Paka wake mpe maziwa, ufunguo wa kwake nimeuweka juu ya friji. Nimechoka, mwanangu.

Anasema aliposikia kijiko chako alifurahi, akajua tunakuja.

Mama