Ngemi za Mama

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Listi ya graduation inatoka wiki hii. Opiyo, ninayeishi naye hapa Ruiru, alikuwa amenificha hiyo habari tangu jana. Kwani mimi ni yai? Nimemwambia aache. Akauliza kama nimekula. Mwaka mzima ni hiyo tu!

Mwaka jana listi ilitoka bila jina langu. Marks za somo moja zilikuwa zimepotea. Na Mama alikuwa ameshapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, soko nzima pale Thika — tano, za mtoto wa kiume — siku niliyomaliza mtihani. Aibu ikanishika. Sikumwambia mtu. Nikajaribu kujiua. Opiyo ndiye alinipata.

Haya, nimeandika. Kalamu haijavunjika.

Jumatano, 5 Novemba
Kesho listi. Nimeenda kwa Madam Mwendwa, yule wa ushauri, ingawa siku yangu ya kumwona haijafika. Akauliza, jina likikosa utampigia nani kwanza? Mama. Nimejibu haraka mpaka nikajishangaa.

Alhamisi, 6 Novemba
NIKO! Namba 212, Gachau mzima mzima! Opiyo amenibeba mgongoni mpaka geti, askari anacheka.

Nikampigia Mama. Sauti ikakatika-katika. Nikadhani ni network, kumbe analia. Nikamwambia, sasa piga zile ngemi. Akasema zangu alishapiga. Lini? Siku nilipofungua macho hospitalini — wodi yote ikaamka, nesi akamnyamazisha. Eti za leo ni nyongeza tu. Halafu akazipiga, zote tano, na wamama wa mitumba wakaitikia. Nimelia mbele ya watu. Wacha waone!

Ijumaa, 7 Novemba
Nilirudi kupiga listi picha, nimtumie Mama. Nikampata Tabby wa darasa letu. Kidole kwa kioo cha ubao wa matangazo, kinashuka, kinarudi juu, kinashuka tena. Jina lake hakuna. Nikauliza kama ako sawa. Akacheka — ako poa tu, na hongera Gachau.

Kucheka huko nakujua. Mimi pia nilicheka hivyo.

Nikamwuliza bila kuzunguka: Tabby, unafikiria kujiua? Wuui, moyo ulivyopiga! Akanipa mkoba wake nishike, kisha akaitikia kwa kichwa. Tukatembea pamoja, polepole, mpaka kwa Madam Mwendwa.

Saa hii wako ndani. Mimi niko kwa benchi na mkoba wake magotini. Opiyo ameleta chai na mandazi. Mama amepiga mara nne, anataka kujua suti ni rangi gani. Nimemwandikia anipe muda, kuna mtu namngoja.

Mlango umefunguka. Tabby, macho mekundu. Anataka simu yake kwa mkoba, ampigie mamake, na nisiende. Siendi! Amekaa hapa kando yangu. Ameweka loudspeaker.

Inaita —