Wiki ya Kutomuuliza Hamida

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimeanza leo. Dada Evarista, mshauri wa pale kliniki, kaniomba nijaribu wiki hii tu: nisimuulize Hamida kama anaumwa. Nisimguse paji la uso. Kipimajoto kikae kabatini. Ana miaka tisa, kasema, akiumwa atasema mwenyewe.

Kwake rahisi. Hasani hakuwa wake. Homa ilimwanza mwanangu asubuhi, kesho yake tukamzika, hata kutembea alikuwa hajaanza. Tangu hapo mkono wangu hautulii.

Asubuhi Hamida alikuja na begi mgongoni, akasimama mbele yangu kama kila siku, kichwa juu, anangoja kushikwa.

"Mama, leo hunipimi?"

"Leo hapana."

Akaniangalia. Halafu akacheka, akakimbilia gari la shule. Nimefika ofisini Mtumba nikajifungia chooni, nikalia kidogo. Lakini sikupiga simu shuleni. Hata mara moja.

Jumanne, 13 Mei

Khalidi kapiga kutoka sokoni Kibaigwa. Mahindi mapya yameanza kuingia, malori yamejaa mpaka barabarani, hatarudi kabla ya Jumamosi. Nilipomwambia kuhusu jana akasema, "Mke wangu, sasa nyumba itapumua." Sauti yake ya zamani kabisa.

Hamida kabakiza wali. Kabakiza karibu wote. Swali lilinifika mdomoni – nikalimeza. Nikamwambia tu nitamfunikia, atakula baadaye. Hakula.

Jumatano, 14 Mei

Bajeti ya wizara yetu inasomwa wiki ijayo, bosi anataka majibu ya maswali ya wabunge yote kwa pamoja. Nimeyaandika jicho moja likiwa kwenye simu. Haikuita.

Jioni Hamida alilala mkekani, magoti kifuani, anaangalia katuni. Kasema michezo ya shule imemchosha. Uso wake niliuona wa kijivu, au ni ile taa ya sebuleni, sijui. Siamini macho yangu tena. Yamenidanganya mara nyingi. Mwezi uliopita nilimkimbiza hospitali saa za masomo kwa ajili ya mafua, akalia kwa aibu njia nzima.

Nikampigia Evarista. Kasema hiyo ni hofu inaongea, nivute pumzi, nimwache mtoto apumzike. Kasema ninafanya vizuri sana.

Nikavuta pumzi. Hamida akanisikia, akageuka. "Mama, mimi mzima." Nilikuwa sijamuuliza.

Alhamisi, 15 Mei

Mwalimu Optatus alipiga kabla ya chai ya saa nne. "Mama Hamida, njoo. Mtoto kajikunja kwenye dawati, hawezi kusimama."

Kutoka Mtumba hadi Miyuji sikumbuki tulipitaje. Violeth wa masijala aliendesha, mimi nilishika dashibodi. Hamida alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, sare imelowa jasho. Kitu cha kwanza aliponiona: akajaribu kukaa wima.

Hospitali, daktari alimbonyeza tumbo upande wa kulia. Akamuuliza panauma? Hamida akaniangalia mimi kwanza. "Kidogo." Imeanza lini? "Leo."

Nikatumwa kuchukua kadi ya bima kwenye gari. Kurudi, pazia limefungwa, nesi anaongea naye taratibu. Nikasikia: "Tangu Jumatatu, usiku."

"Sasa mbona hukumwambia mama?"

"Mama alikuwa ameanza kupona."

Nilisimama pale na kadi mkononi.

Alhamisi hiyohiyo, bado hospitali

Kidole tumbo. Picha imeonyesha kimevimba, wanahofia kimeshapasuka. Daktari wa upasuaji yuko ndani na mgonjwa mwingine, tunangoja. Khalidi kapata lifti ya lori, yuko njiani, kila akipiga anauliza kama ameshaingizwa chumba cha upasuaji.

Wanataka kujua maumivu yamehamia wapi, makali kiasi gani. Kila wakimuuliza ananiangalia. Kidogo, anasema. Kidogo tu. Midomo imemkauka na bado ananitabasamia. Nikamwambia sema kweli mwanangu, mama haogopi. Sauti ikanikatika katikati. Akasema, "Si unaona, kidogo tu."

Daktari akanivuta pembeni. Kijana mpole. "Mama, samahani. Ukiwepo hasemi."

Nimetoka. Niko kwenye benchi la korido, mlango umefungwa. Nasikia sauti ya daktari, kisha sauti ya Hamida, maneno siyapati.

Sasa amelia. Kwa nguvu. Tangu Hasani atutoke sijawahi kumsikia akilia hivyo.

Nilishika kitasa, nikakiachia. Nesi katoka mbio, kasema sasa anasema kila kitu, nisiingie kwanza. Akapita.

Bado analia. Ananiita.