Babu Aliyepika Tabora

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nimefika Brussels! Begi limenikata mabega na treni kutoka Rotterdam ilijaa, nimesimama karibu njia nzima. Lakini kozi ya uuguzi imeisha, ndege ni Jumapili, wiki hii ni yangu. Wenzangu wameenda Paris kupiga selfi. Mimi nimekuja kutafuta vita. Wamenicheka mpaka basi!

Nalala Jette kwa Précieuse, Mkongo, tulikuwa naye kwenye kozi. Anaishi na baba yake, Papa Kabeya, mzee wa Likasi, kusini mwa Kongo. Suti humo humo ndani ya nyumba, slipasi miguuni. Na Kiswahili chao! Robo tatu naelewa. Robo iliyobaki nacheka kwa adabu.

Jumanne, 16 Septemba

Mtaa wa Tabora upo! Katikati ya mji, kibao cha buluu: Rue de Tabora, chini yake Kiholanzi, Taborastraat. Kafupi – ukipiga chafya umeshakamaliza. Watu wanakunywa bia, hawana habari. Nimesimama chini ya kibao natabasamu kama mwehu. Mzungu mmoja akanipiga picha, nikamwambia huko ndiko kwetu. Akadhani nakaa ghorofani.

Jina lilitokana na vita. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji liliuteka mji wetu kutoka kwa Mjerumani. Jeshi la Wabelgiji – Wabelgiji wenyewe wa kuhesabu, waliobaki wote Wakongo.

Jioni nikamsimulia Papa Kabeya. Mzee akasimama!

"Donc weye njo mutoto wa Tabora? Nkambo yangu alikuwa mu Force Publique! Alipika Tabora! Alipika sana!"

Nkambo ni babu, Force Publique ndilo hilo jeshi la Wabelgiji. Babu yake alikuwa mpishi wa jeshi! Nitalalaje?

Jumatano, 17 Septemba

Makumbusho ya jeshi, Cinquantenaire. Mizinga, medali, kofia zenye manyoya, ndege zimening'inizwa darini. Nimetafuta sufuria hata moja. Hakuna! Kwani walipigana bila kula?

Nimempigia Bibi Nyamizi. Lazima niandike hapa kwa nini: mama yake Bibi alikuwa mtoto mdogo Wakongo walipoingia Tabora. Njaa ilikuwa ya kuua, ndugu zake walikufa. Yeye alipona kwa sababu mpishi mmoja wa wale askari alikuwa akimpa ugali kwenye kifuniko cha sufuria, nyuma ya kambi. Jina lake hakulijua. Bibi amekua akiambiwa, bila huyo mpishi Mkongo nyinyi wote msingekuwepo.

Nikamwambia Bibi nimempata mjukuu wa mpishi. Vigelegele! Anataka kuongea naye Ijumaa, baada ya swala. Nikasema Bibi, wapishi walikuwa wengi. Akasema, "Usiniletee usomi."

Papa Kabeya nimemwambia tu kwamba Bibi anataka kuongea na mjukuu wa aliyepika Tabora. Kakubali, kafurahi, kapeleka suti kwa dobi.

Alhamisi, 18 Septemba

Asubuhi nzuri. Papa alinipeleka Schaerbeek kwenye mnara wa wanajeshi wa vita vya Afrika. Kavua kofia. Mimi nikamwombea babu mpishi. Tukala chipsi kwenye benchi, mayonezi ikamdondokea kwenye tai, tukacheka sana.

Kisha tukarudi. Nipo jikoni, Papa sebuleni. Akaita:

"Rukiya! Uende uone, kuko muntu anapika mulango!"

Anapika mlango! Nilicheka mpaka nikashika sinki. Nikafungua, alikuwa mtu wa vifurushi. Nikamsimulia Précieuse. Akanishangaa. Kwao, akasema, kupika ni kupiga. Unapika mlango, unapika ngoma, unapika mtu. Chakula pia unakipika, unaelewa kwa mengine yanayosemwa.

Nikauliza, na babu yenu? Alipika Tabora?

"Eh oui. Alikuwa soldat. Alipika ile muji yote!"

Uwiiii. Kumbe si mpishi, ni askari aliyeipiga Tabora!

Ijumaa, 19 Septemba

Tangu alfajiri nimejaribu kumwambia Bibi. Mara ya kwanza alikuwa anapokea wageni – kawaalika majirani, nusu ya mtaa wetu wa Ng'ambo wako mkekani. Mara ya pili alikuwa analia kwa furaha. Mara ya tatu simu kashika Mama: "Hapana, Rukiya, leo usimharibie." Basi. Mwenye ubavu amwambie yeye.

Na Papa nimwambie nini? Suti imetoka kwa dobi.

Sasa hivi wanaongea. Nimeketi hapa mezani na daftari ili nionekane nina shughuli. Picha ya Bibi inakatakata, sauti iko safi.

"Ni kweli, mwanangu? Babu yako alipika hapa kwetu?"

"Ndiyo, maman. Alipika."

"Alipika sana?"

"Sana, maman. Batu mingi."

"Watu wengi! Mnasikia?" Huko mkekani shangwe.

Mimi nacheka, tena machozi yananitoka, sijui ni ya nini. Précieuse kakimbilia bafuni na taulo mdomoni. Msaliti!

Bibi anasema mama yake alimkumbuka babu yake Papa hadi siku ya kufa. Sasa analia kwa sauti. Papa Kabeya hacheki tena. Kavua miwani.

"Maman," anasema polepole. "Ile yote babu yangu alipika... pardon. Mutusamehe."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Mama yangu alikuwa anashiba!"

Papa kaibana simu kifuani. Ananitazama mimi. Si kwa hasira – kama mtu aliyepotea njia mtaani kwao.

"Rukiya. Muntu anashiba fimbo?"

Na kifuani mwake Bibi anaita, "Rukiya! We Rukiya! Mbona kanyamaza?"